Helikopta Niliyoiangusha kwa Mdomo

Mnaniuliza kila mara, vijana, kama niliwahi kurusha helikopta. Sikuwahi. Mimi nilichowahi ni kuiangusha, tena nikiwa nimesimama chini, miguu imekanyaga udongo, mkono wangu haujagusa hata msumari wake. Niliiangusha kwa mdomo. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea. Watu wa hapa Ihanda wamenicheka kwa habari hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mimi mwenyewe ndiye niliyewapa. Ila kuna kipande kimoja ambacho siku zote nilikiruka nikisimulia. Leo sitakiruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa mwaka mmoja nyuma, mke wangu ana mimba. Mtoto wa wakulima wa kahawa mimi, Mnyiha wa juu huku kwenye baridi. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya mtungini. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na kule chini kwenye mbuga za Ziwa Rukwa kulikuwa na vita moja isiyoisha, ya nzige wekundu. Nzige hao walizaliana kwenye manyasi ya mbugani, na wakishaota mabawa walipanda kuja kwetu wakamaliza mahindi, ulezi, na kila kitu cha kijani. Baba yangu akiwa kijana aliwahi kula mizizi msimu mzima kwa ajili yao. Basi iliposikika kwamba kambi ya nzige inataka watu, baba mwenyewe ndiye aliyenifungia mzigo. Aliniambia, "Nenda ukawalipizie." Nikaenda kulipiza kisasi nikiwa na blanketi moja na sufuria.

Kambi yenyewe ilikuwa mbali, jamani. Unashuka kutoka Msangano, unatembea siku nzima kufuata Mto Momba, halafu unaingia mtumbwini. Masika maji yalifunika mbuga yote, na kambi ikabaki juu ya kipande cha nchi kavu ambacho ungeweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Sisi tulipaita Kisiwani. Bahari hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona, lakini kisiwa tulikuwa nacho. Siku ile ya kwanza mtumbwini nilishika kingo mbili kwa nguvu mpaka mwenye mtumbwi akaniuliza kama nina mpango wa kuondoka nazo.

Pale Kisiwani palikuwa na vibanda vitano, ghala la sumu, mapipa ya petroli, redio ya karani, na kiwanja kilichozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Katikati ya yote hayo ndipo ilipotua helikopta. Ilikuwa ndogo, yenye kichwa cha kioo, inabeba rubani na mtu mmoja na matangi ya sumu. Rubani alikuwa Mzungu mwembamba mwenye miwani minene, nasi tukamwita Bwana Miwani. Kiswahili alikuwa nacho, tena kizuri, ila alikisoma kitabuni, kwa hiyo alisema maneno yote kamili kama mtu anayesoma ibada.

Mkubwa wetu sisi Waafrika alikuwa nyapara, Mzee Simbeye. Mnamwanga wa Msangano. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akarudi na kikohozi, saa ya mfukoni isiyotembea, na neno "mukwai". Kule ng'ambo mukwai ni neno la heshima kabisa, mtu anamwambia mkubwa wake. Kwa Simbeye ilikuwa kinyume. Ukisikia anakuita mukwai, jua umeharibu kitu.

Mimi aliniita mukwai siku ya kwanza, dakika ya kwanza. Helikopta ilitua, nami kwa furaha ya ushamba nikaikimbilia kwa nyuma nione mkia wake unavyofanya kazi. Sasa nisikilizeni, maana hata leo jambo hili linaua watu: kule mkiani kuna panga dogo linalozunguka wima, na likizunguka kwa kasi hulioni. Unaona hewa tupu. Mimi niliona hewa tupu nikaifuata. Kitu kilichonidaka mguu kikaniangusha kifudifudi matopeni kilikuwa mkono wa Simbeye. Alinivuta kinyumenyume kama gunia, na tulipofika mbali akainama kwenye sikio langu.

"Eya mukwai," akasema. "Kichwa chako unakitumia? Kama hukitumii sema, tukiache pale kikatwe, tupunguze mzigo."

Baadaye akanifundisha. Helikopta unaiendea kwa mbele, rubani akuone macho kwa macho. Unainama. Kofia unaivua kabla hujasogea, huishiki kichwani kwa mkono, maana ikiruka mkono unaifuata wenyewe, na juu yako kuna panga. Petroli nayo kabla ya kuimimina unachota kidogo kwenye chupa nyeupe, unainyanyua juani, unasubiri. Kama ina maji, yatakaa chini, utaona mstari. Mimi mara ya kwanza nilitazama chupa nikasema, "Safi kabisa mzee, sioni mstari wowote." Akaichukua, akanusa, akanipa ninuse. Yalikuwa maji matupu, chupa nzima. Mstari ungetoka wapi?

Lakini nataka mumwelewe mzee huyu. Hakuwa mtu wa matusi tu. Alikuwa na kiu moja, na kiu hiyo kambi nzima tuliijua. Alitaka kujua injini. Huko migodini alisukuma magari ya mawe miaka yote hiyo huku mashine zikinguruma pembeni, na hakuna aliyempa ruhusa ya kufungua hata kifuniko. Pale Kisiwani fundi wa Kizungu alikuwa akija mara moja kwa mwezi kutengeneza helikopta, na siku hiyo Simbeye hali chakula. Anasimama nyuma ya fundi, mikono mgongoni, anatazama. Fundi akiinua kichwa, mzee anauliza. Kwa nini mafuta yanawaka ndani lakini hayalipuki nje? Nguvu inapandaje mpaka kwenye panga la juu? Fundi akijibu, Simbeye anakuja kutusimulia sisi jioni kwenye uji, na sisi tunasinzia.

Mwaka ule likaja neno kwamba wakubwa watachagua Mwafrika mmoja wa kambi, apelekwe mjini miezi minane akajifunze ufundi wa injini. Bwana Miwani akaandika jina la Simbeye. Mzee alikuwa amepita miaka hamsini. Nilimwona siku aliyoambiwa. Alikwenda nyuma ya ghala akakohoa muda mrefu, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akatugombeza wote kwa sababu ya mapipa kupangwa vibaya. Mapipa yalikuwa yamepangwa vizuri.

Sasa nakuja kwenye soksi.

Mlingotini pale kiwanjani palikuwa na soksi ya upepo. Ni mfuko mrefu wa kitambaa kizito, wazi huku na huku, mdomo mmoja mpana, mwingine mwembamba. Upepo ukiingia kwenye ule mpana, mfuko unanyooka, na rubani aliye juu anaona upepo unatoka wapi. Kwa helikopta ile iliyokuwa dhaifu hili lilikuwa jambo la kufa na kupona. Ilitakiwa itue ikiukabili upepo. Upepo ukiipata kwa mgongoni, inadondoka upesi kuliko rubani alivyotaka. Soksi ilikuwa moja tu, ya akiba ililiwa na panya. Na kwa amri ya kambi, soksi ilikuwa chini ya nyapara.

Rubani aliona chombo cha upepo. Mimi, Mnyiha wa mlimani ambaye sikuwahi kuvua hata kidagaa, niliona mgono, mtego wa samaki.

Msinilaumu haraka. Tulikuwa tukila maharage. Asubuhi maharage, jioni maharage, na Jumapili, kwa heshima ya siku, maharage yenye chumvi ya kutosha. Na kandokando ya kisiwa, kwenye vijito vya mafuriko, kambare walikuwa wakipita wanene mpaka maji yanatikisika. Mfuko mrefu, mdomo mpana mbele, mwembamba nyuma! Ukiziba ule mwembamba kwa kamba ya mkonge, unao mgono ambao hakuna fundi wa Rukwa angeweza kuusuka.

Jumapili moja Simbeye aliwaongoza watu kwenye ibada upande wa pili wa kambi. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Waliniombea, tena kwa sauti, nilisikia jina langu nikiwa juu ya mlingoti nafungua soksi. Helikopta ilikuwa imelala ng'ambo ya ziwa, hairudi mpaka Jumanne. Nikaitega soksi kwenye kijito, na kabla nyimbo hazijaisha nilikuwa na kambare saba. Kambare ana miiba miwili huku mbavuni. Wa saba alipojitupa, mwiba wake uliipasua soksi toka kiunoni mpaka karibu na mdomo.

Nikaianika manyasini, nikisema kesho nitaishona. Kambare niliwapika kwa nyanya, watu wakala, wakamsifu Mungu kwa kuniponya tumbo haraka. Mzee Simbeye nilimpa kichwa, kama ilivyo adabu kwa mkubwa. Alikinyonya mpaka mfupa wa mwisho. Hakuuliza nimewavuaje.

Jumatatu asubuhi alitazama mlingoti. "Nzunda," akaniita, hakusema mukwai, "soksi iko wapi?"

"Ililowa, mzee, nimeianika."

Si uongo huo. Ni ukweli uliovaa nguo ya mtu mwingine. Akasema, "Irudishe kabla ya saa nne." Nikaenda kutafuta sindano na uzi.

Uzi sijaupata, karani wa redio akashikwa na homa. Alikuwa anatetemeka mpaka meza inagonga. Simbeye akaniambia nikae pale redioni nisikilize tu, kisha akaenda kuviringisha mapipa, maana maji yalikuwa yamepanda. "Ikiita, unakuja kuniita mimi," akasema. "Wewe usijibu kitu." Na ikaita. Ilikuwa sauti ya Bwana Miwani, mvua kubwa inamfukuza kutoka ziwani, ameamua kurudi siku moja kabla.

"Kisiwani, Kisiwani. Siioni soksi. Hata moshi wa kunionyesha upepo siuoni. Je, upepo ni wa wapi?"

Vijana, mimi nilikuwa sijawahi kusema redioni. Nilitakiwa nitoke mbio nimwite mzee. Lakini kile cha kusemea kilikuwa hapo mkononi, kina uzito mzuri, na Mzungu aliye mawinguni ananiuliza jambo mimi Nzunda. Nikatoa kichwa dirishani. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unavuma kuelekea milima ya Msangano. Nikabonyeza, nikasema kwa sauti nene ya karani:

"Upepo ni wa Msangano, bwana!"

Sasa niambieni ninyi. Gari la Mbeya ni gari gani? Si lile linalokwenda Mbeya? Njia ya Tunduma si ile inayokupeleka Tunduma? Kwa kichwa changu, upepo unaokwenda Msangano ulikuwa upepo wa Msangano, hakuna wa kunibishia. Lakini Bwana Miwani alikuwa na kitabu chake. Kwa kitabu chake, mtu wa Msangano ni mtu aliyetoka Msangano, na upepo ni hivyohivyo.

"Vema sana. Ahsante," akasema.

Akazunguka, akaelekeza pua ya helikopta Msangano, akautegea upepo mgongo. Nilitoka nje kumtazama nikiwa nimejaa fahari. Niliona inashuka upesi mno. Nilimwona Simbeye anakimbia kutoka kwenye mapipa akipunga shati lake, anapiga kelele, "Geuka! Geuka!" Miguu ya helikopta ikagonga pipa la mwisho, ikainama ubavu, panga la juu likachapa matope, na vipande vikaruka kila upande. Kimoja kilipita kwenye paa la jiko kikaingia kwenye maharage.

Simbeye alikuwa wa kwanza kufika. Alimtoa Bwana Miwani kwa mabega, mkono umevunjika, miwani bado iko usoni, haina hata ufa. Bwana Miwani akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiswahili chake kilekile kamili, "Ni nani aliyesema kwamba upepo huu ni wa Msangano?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kisiwani ilikuwa imeshameza helikopta.

Wiki mbili baadaye akaja mkubwa wa Kizungu kufanya uchunguzi. Alikaa mezani chini ya turubai, Bwana Miwani pembeni yake na mkono umefungwa, sisi tumesimama mstari. Swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyejibu redioni. Nikasema ni mimi. Hilo nililisema, nipeni haki yangu. Tena nikakiri kwamba nilikatazwa kujibu nikajibu. Nikaeleza na habari ya gari la Mbeya. Mkubwa hakuelewa. Bwana Miwani akaelewa. Akaomba watu wote waulizwe, gari la Mbeya linatoka wapi?

Hapo ndipo palipoharibika. Mpishi akasema linatoka Mbeya. Karani akasema linakwenda Mbeya. Mmoja akasema inategemea amesimama wapi. Mwingine akasema ni gari la mtu anayekaa Mbeya. Wakaanza kubishana, wakanyoosheana vidole, na mpishi akamwambia karani kwamba homa imempanda kichwani. Bwana Miwani akaanza kucheka, akaushika mkono wake kwa maumivu, huku anacheka. Hata mkubwa akatabasamu. Akaandika kwamba kosa lilikuwa la lugha, na kwamba tangu siku hiyo kambini pasemwe "upepo unatoka" na "upepo unakwenda", basi. Mimi nikapumua. Nikaona kumbe hata nina akili.

Mpaka hapo ndipo ninapoishiaga nikisimulia. Watu wanacheka, naletewa togwa.

Mkubwa alifungua ukurasa mwingine akauliza, "Na soksi? Kama soksi ingekuwepo, rubani asingehitaji kumwuliza mtu. Ilikuwa wapi?"

Simbeye alikuwa amesimama wa kwanza kwenye mstari, mimi wa tatu. Aligeuza shingo akanitazama. Hakukunja uso, hakuniashiria chochote, alinitazama tu. Nami nikayatazama macho ya viatu vya yule mkubwa, mahali kamba zinapopita. Yalikuwa sita kila kiatu. Nilimfikiria mke wangu na mimba yake. Nilifikiria pia kucheka kulikokuwa kumekwisha kunisafisha, na jinsi ambavyo ningechafuka upya, safari hii kwa wizi na kwa samaki. Mdomo ule ulioangusha helikopta ukagoma kufunguka.

"Soksi iko chini yangu mimi," akasema Simbeye. "Ilichanika. Niliishusha, sikuirudisha."

Mkubwa akaandika. Bwana Miwani alisema kitu kwa Kiingereza, akasema tena, lakini mkubwa alitikisa kichwa. Mwisho wa mwezi mzee aliachishwa unyapara akarudishwa kwao. Aliondoka kwa mtumbwi, sanduku lake miguuni. Nilimbebea hilo sanduku mpaka majini, nikausukuma mtumbwi. Hakuniita mukwai. Ningefurahi kama angeniita.

Nafasi ya masomo ilibaki haina mtu. Walitafuta mwenye kusoma kidogo, kijana, aliyeonekana ana akili ya kujieleza. Mnaona inapokwenda. Walinipeleka mimi.

Miezi minane nilijifunza injini. Nikapewa cheti, nikapewa spana, nikarudi Kisiwani nikiwa fundi msaidizi, na ufundi huo ndio uliowalea watoto wangu, ndio uliojenga nyumba hii mnayokalia ukumbi wake. Kila nilipofungua kifuniko cha injini nilimwona yule mzee amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Nilikaa hivyo miaka mitatu. Uhuru ulikuwa bado. Mwishowe sikuweza tena, nikaomba ruhusa nikashuka Msangano.

Nilimkuta kwake anapepeta ulezi. Alikuwa amekonda, kikohozi kimeongezeka. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima, nikapiga magoti uani nikaianza.

"Baba, ile soksi..."

"Ilikuwa inanuka kambare," akasema. Hakuacha kupepeta. "Niliiokota manyasini Jumatatu ileile, baada ya ajali, nikaifukia. Unadhani mimi sina pua? Na kichwa cha kambare nilikila mwenyewe. Nilijua mtu hawezi kupata saba kwa mkono."

"Kwa nini basi hukusema?"

Hapo akaweka ungo chini. "Usifikiri ni wema. Nilikungoja wewe useme. Nilihesabu moyoni mpaka kumi. Nikahesabu tena. Wewe unatazama viatu vya Mzungu! Nikaona aibu, mtu mzima mimi, watu wote wanatusubiri, nikasema tu ili yaishe. Nilipofika hapa nilikukasirikia miaka miwili. Mke wangu shahidi, nilikuwa nagombana na wewe peke yangu shambani."

Nililia, vijana. Sina haja ya kuwaficha. Nikamwomba msamaha huku kamasi zinanitoka, mke wake akaniletea maji ninawe. Simbeye akafagia kwa mguu pale mbele yake, vumbi likawa sawa, akachukua kijiti akanipa.

"Amka," akasema. "Chora. Nataka injini yote, tangu petroli inapoingia mpaka panga linapozunguka. Usiruke kitu. Nina muda."

Nikachora. Nilianza asubuhi ile, jua likapanda, tukahama na kivuli, nikachora upya upande wa pili wa nyumba. Alikaa kwenye kigoda, ameinama, viganja kwenye magoti. Nikisema jambo kwa haraka ananirudisha. Nikificha nisichokijua kwa neno la Kiingereza, ananiuliza neno hilo maana yake nini. Alikuwa anafurahi, namwona, alisahau hata kukohoa.

Jua lilipoelekea kutua alikuwa ameniuliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu. Niliporudi kambini nilimwuliza fundi Mzungu maswali hayohayo. Alijibu moja. La pili akasema atakwenda kulitazama kitabuni. La tatu, akaweka spana chini, akaniuliza ni nani aliyefikiria jambo hilo, na kwa nini mtu huyo hakuletwa shuleni.